Bwana Atembeapo Katika Marago

Kama Biblia iko karibu nawe, fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 23, usome kuanzia mstari wa 9 hadi wa 14. Kifungu hiki hakisomwi mara nyingi kanisani. Tumeketi katika viti vya kanisa miaka mingi, wala hatukumbuki kumsikia mhubiri hata mmoja akikichagua, na ukikisoma utajua mara moja kwa nini. Humo Musa anawaagiza wana wa Israeli habari za choo.

Tafadhali usizime redio. Musa anasema na watu wanaotoka kwenda vitani. Anawaambia wawe na mahali nje ya marago, yaani nje ya kambi yao, pa kwendea haja. Kila mmoja awe na kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake, achimbe shimo, kisha afukie. Na sababu anayoitoa si ya daktari. Anasema kwamba Bwana Mungu hutembea katikati ya marago ili awaokoe watu wake, kwa hiyo marago yawe matakatifu, asije akaona kitu kichafu akageuka na kuwaacha. Hebu fikiri: upanga na kijiti cha choo vimebebwa na mtu mmoja, kwa amri moja!

Twataka kulitafakari neno hilo pamoja nanyi kwa kuwasimulia habari za kambi moja ya kale ambayo tulipata kuitembelea sisi na jamaa yetu.

Binti yetu ni muuguzi katika hospitali moja huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania. Alitualika sisi wazee wake twende tukamwone, yeye na mumewe na watoto wao wawili, mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 8. Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, siku ambayo binti yetu hakuwa na zamu, wakatupakia garini wakasema, "Leo twende Valley Forge."

Valley Forge iko mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mji wa Philadelphia, kando ya mto uitwao Schuylkill. Jina lake latokana na kiwanda cha kufulia chuma kilichokuwa hapo bondeni zamani. Ukifika leo unaona vilima vya majani, miti mirefu, na barabara safi, eneo la ekari 3,500 hivi ambalo limetunzwa kama hifadhi ya taifa tangu mwaka 1976. Watu wanakimbia mazoezi. Wengine wameketi chini ya miti na vikapu vya chakula. Kama hujaambiwa, utadhani ni bustani tu ya kupumzikia, na mjukuu wetu wa kike aliuliza mara mbili bembea ziko wapi.

Lakini tarehe 19 Desemba 1777 jeshi la Jenerali George Washington liliingia mahali hapo, watu wapatao 12,000, na pamoja nao wanawake na watoto wapatao 400. Makoloni 13 ya Amerika yalikuwa yametangaza uhuru wao kutoka kwa Uingereza mwaka uliotangulia. Mwezi wa Septemba 1777 Waingereza waliuteka mji wa Philadelphia, na Bunge la makoloni likakimbilia mji mdogo wa York. Jeshi la Washington lilikuwa limeshindwa vitani, askari wamechoka, na baridi imeingia. Hapakuwa na nyumba za kuwapokea. Basi wakakata miti na kujenga vibanda vya magogo, kila kimoja futi 14 kwa futi 16, cha kulala askari 12. Jenerali aliahidi zawadi ya dola 12 katika kila kikosi kwa kundi litakalomaliza kwanza na kujenga vizuri. Vikasimama vibanda zaidi ya 1,500. Kwa miezi sita palikuwa mji, tena mmoja wa miji mikubwa ya nchi ile kwa wakati ule.

Vibanda vya asili vilioza zamani. Vilivyopo vimejengwa upya kwa mfano wa vile vya kwanza, na sisi tuliingia katika vile vinavyokumbusha brigedi ya Jenerali Peter Muhlenberg. Sakafu ni udongo. Ukutani kuna vitanda vya mbao, kimoja juu ya kingine, na mwishoni pana meko na dohani. Mjukuu wetu wa kiume alipanda kitanda cha juu, akagonga kichwa. Nyanya yake alihesabu vitanda, akatazama meko, akatazama tena vitanda, kisha akauliza swali ambalo halikuandikwa katika kibao chochote pale: "Na hao watu kumi na wawili, wakiwa wagonjwa, nani aliwatolea ndoo?"

Muhlenberg huyo alikuwa mchungaji. Alichunga ushirika wa Kilutheri huko Virginia kabla ya kushika upanga, na baba yake, Mchungaji Henry Melchior Muhlenberg, ni mmoja wa walioweka msingi wa kanisa la Kilutheri katika Marekani. Kama yafaa mchungaji avue joho na kwenda vitani, hilo tulilibishana garini tukienda na tukirudi, na hatutalimaliza leo redioni.

Twende kwenye njaa. Siku nne baada ya kuingia hapo, Washington aliliandikia Bunge barua kali. Alisema jeshi litakufa kwa njaa, au litavunjika, au litatawanyika kutafuta chakula, isipokuwa mambo yabadilike upesi. Alitoa hesabu pia: askari 2,898 hawakuweza kufanya kazi kwa kuwa hawakuwa na viatu wala nguo za kutosha. Chakula chao siku nyingi kilikuwa unga wa ngano uliokandwa kwa maji matupu na kuokwa juu ya jiwe la moto. Fikiri chapati isiyo na mafuta wala chumvi, nje imeungua na ndani ni mbichi. Mwezi wa Februari 1778 zilipita siku kadha mfululizo pasipo nyama, na maofisa wakaogopa maasi.

Sasa sikilizeni jambo lililotushangaza. Pennsylvania haikuwa nchi ya jangwa. Ilikuwa na mashamba mazuri ya ngano na ng'ombe wengi. Njaa ya Valley Forge haikuletwa na ukame. Mkuu wa usafirishaji wa jeshi alikuwa amejiuzulu tangu majira ya kupukutika majani, na hapakuwa na mtu wa kuishika kazi hiyo sawasawa mpaka mwezi wa Machi. Mikokoteni haikutosha. Farasi wa kuivuta walikufa kwa kukosa majani. Barabara zilijaa matope. Na wakulima wengi walipenda kupeleka mazao yao Philadelphia kwa Waingereza, waliolipa kwa sarafu za fedha na dhahabu, kuliko kuwauzia askari wa nchi yao waliolipa kwa noti zisizo na thamani. Chakula kilikuwako, kilichokosekana ni mtu wa kukifikisha. Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Tunajua jinsi mahindi yanavyoweza kuota ukungu upande mmoja wa nchi, na upande wa pili mama anachemsha maji ili watoto wadhani chakula kipo jikoni.

Aliyerekebisha mambo ni Jenerali Nathanael Greene, aliyekubali kazi ya usafirishaji na vifaa mwezi wa Machi 1778. Hakuipenda. Alikuwa mtu wa vita, na baadaye alilalamika kwamba hakuna mkuu wa vifaa anayekumbukwa katika historia. Lakini aliishika, barabara zikatengenezwa, mikokoteni ikaja, na watu wakala. Aprili ikaja na mkuu mpya wa kununua chakula, Jeremiah Wadsworth, mambo yakazidi kutengemaa. Sanamu ya Greene tumeiona huko mjini Washington. Amepandishwa juu ya farasi kama shujaa wa vita. Hawakumchonga akihesabu magunia.

Pana kisa kingine, nacho ni cha sisi watu wa kanisa hasa. Siku moja kabla ya jeshi kuingia Valley Forge, yaani tarehe 18 Desemba, Bunge lilikuwa limeamuru siku ya shukrani kwa Mungu. Askari mmoja kijana wa Connecticut, jina lake Joseph Plumb Martin, aliandika kumbukumbu zake katika uzee, zikachapwa mwaka 1830. Asimulia kwamba karamu waliyopewa siku hiyo ilikuwa mchele, kama robo kikombe kwa kila mtu, na kijiko kimoja cha siki. Baada ya karamu hiyo wakapelekwa kusikiliza mahubiri. Mhubiri alichagua Injili ya Luka sura ya 3, mahali askari wanapomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Akasoma kwamba wasimdhulumu mtu wala wasimshitaki mtu kwa uongo. Akaishia hapo.

Ninyi mnaojua Biblia mnajua kwamba mstari ule wa 14 haujaisha. Yohana aliwaambia pia waridhike na mshahara wao. Lakini askari wale walikuwa hawajalipwa. Mhubiri akaogopa, au akaona haya, akaukata mstari. Martin asema kwamba ibada ilipokwisha tu, maneno yale yaliyoachwa yakapazwa na vinywa mia.

Tulicheka tuliposimuliwa hayo. Halafu hatukucheka tena. Mhubiri yule angeweza kufanya nini? Kuwasomea watu wasiolipwa kwamba waridhike na mshahara ni kuwadhihaki. Kuukata mstari ni kuwadanganya, na wao waliujua. Lakini palikuwa na njia ya tatu, nayo ni kuusoma wote, kisha kuwageukia maofisa na wabunge na kuwauliza: mshahara wenyewe uko wapi? Yohana Mbatizaji mwenyewe alikuwa na desturi ya kumgeukia Herode. Twajua pia mwisho wake ulikuwaje, na huenda mhubiri yule aliufikiria mwisho huo alipofunga Biblia yake.

Sasa twarudi kwenye kijiti cha Musa. Tulidhani watu wengi wa Valley Forge waliuawa na baridi, maana picha zote zinaonyesha theluji. Kijana mwenye sare ya hifadhi alitueleza sivyo. Katika miezi sita walikufa watu karibu 2,000, na hapakupiganwa vita vyovyote kambini. Theluthi mbili ya hao walikufa katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, wakati jua limeanza kupasha na chakula kimeanza kufika. Waliuawa na homa ya chawa, na homa ya matumbo, na kuhara damu, na mafua makali. Binti yetu alikuwa kimya tangu asubuhi, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu ya usiku siku iliyotangulia. Hapo akafungua kinywa. Akatueleza kama mwalimu: chawa hupita kutoka blanketi moja kwenda lingine katika kibanda cha watu 12, uchafu wa choo huoshwa na theluji inayoyeyuka ukaingia kijitoni, na kijitoni ndiko wanakoteka maji ya kunywa. "Baridi iliwafungia ndani," alisema, "lakini aliyewaua ni uchafu."

Na amri za jeshi zilizohifadhiwa zinasema hivyo hivyo. Mwezi wa Machi Washington aliandika kwa hasira juu ya mizoga ya farasi iliyolala kambini, na matumbo ya ng'ombe yaliyotupwa bila kuzikwa. Makao yake yalitoa amri tena na tena kwamba vyoo vichimbwe na kufukiwa, na maofisa wengine waliagiza askari atakayejisaidia mahali pengine achapwe viboko. Mwezi wa Mei wakaamriwa kutoboa madirisha na kuondoa udongo uliozibwa kati ya magogo, hewa ipite. Mwezi wa Februari alikuwa amefika Friedrich von Steuben, Mjerumani ambaye hakujua Kiingereza, na ambaye cheo chake kilikuwa kimetiwa chumvi kidogo kabla hajavuka bahari. Huyo anasifiwa kwa kuwafundisha askari gwaride na matumizi ya singe. Ni kweli, lakini twampenda kwa jambo jingine: alifundisha kambi ipangwe kwa mistari, jiko upande huu na choo upande ule, mbali, tena upande wa mteremko. Pamoja na hayo, maelfu ya askari walichanjwa ndui, jambo ambalo wakati huo watu wengi waliliogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Tulisoma Kumbukumbu la Torati 23 pale pale, tumesimama mlangoni pa kibanda, kutoka katika Biblia ndogo ya Nyanya. Upepo ulikuwa ukipeperusha kurasa. Mjukuu wetu wa kike alicheka alipofahamu kinachosomwa, tukamwacha acheke.

Babu wa mmoja wetu alikuwa katika kile kikosi cha wapagazi wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki, kikosi ambacho jina lake limebaki katika mtaa wa Kariokor pale Nairobi. Alirudi nyumbani. Wengi mno hawakurudi, makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, na malaria, na chakula kibovu, walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mzee huyo alipoulizwa habari za vita hakusimulia bunduki hata siku moja. Alisimulia unga usioiva na maji machafu. Tuliposimama Valley Forge tulifahamu kwamba alikuwa akisimulia vita vyenyewe.

Wagonjwa wengi wa Valley Forge hawakufia kambini. Walipelekwa katika hospitali za muda, na nyingi zilikuwa nyumba za ibada na ghala za wakulima. Moja ilikuwa Ephrata, makao ya Wakristo Waprotestanti wa Kijerumani walioishi pamoja kwa sala na kazi, watu waliokataa kabisa kushika silaha. Vita si vyao, na askari wale hawakuwa wa ushirika wao. Lakini waliwapokea, wakawaosha, wakawalisha, na baadhi ya ndugu na dada hao wakaambukizwa homa wakafa pamoja na wagonjwa wao. Habari hiyo ilimgusa binti yetu. Alituomba tumtafutie mahali Ephrata ilipo katika ramani.

Kutoka vibandani tulienda kwenye nyumba ya mawe, karibu na mto, ambayo Washington alikodi iwe makao yake. Hiyo ni ya asili, na si kubwa. Watu zaidi ya 20 walijibana humo, maofisa na watumishi. Tuliingia jikoni, na hapo Nyanya akauliza tena swali lake la siku nzima: "Nani alipika?" Safari hii jibu lilikuwapo. Mmoja wa waliopika alikuwa mama Mwafrika, Hannah Till, mtumwa. Mmiliki wake alikuwa mchungaji wa kanisa huko New York. Naam, mchungaji. Alimruhusu mama huyo ajinunue, na Hannah Till akalipa kwa mshahara wa kupika, shilingi kwa shilingi, katika vita vilivyopiganwa kwa jina la uhuru. Aliishi Philadelphia akiwa mtu huru mpaka akapita umri wa miaka 100. Jenerali mwenyewe alikuwa na watumwa wengi nyumbani kwake Virginia, na mmoja wao, William Lee, alikuwa naye kambini siku zote. Mamia ya watu weusi walikuwa askari katika jeshi lile, na tangu mwaka 1993 pana mnara wa kuwakumbuka katika hifadhi hiyo. Tulisimama mbele yake, familia nzima, hatukusema mengi.

Mwisho tukaingia katika kanisa la mawe lililojengwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kumbukumbu ya Washington. Hapo ndipo likaja swali ambalo tumelibeba hata leo. Pengine umeiona picha ya Washington akipiga magoti katika theluji chini ya miti, peke yake, akimlilia Mungu kwa ajili ya askari wake. Imechorwa mara nyingi. Mwaka 1928 ilitiwa hata katika stempu za posta. Mjukuu wetu alifundishwa habari hiyo katika shule ya Jumapili, anaipenda sana, na aliuliza mahali penyewe pa kupiga magoti ni wapi. Mzee mmoja wa pale akamjibu kwa upole kwamba mahali hapo hapajulikani. Habari ile ilichapwa na mwandishi aitwaye Mason Weems miaka 30 hivi baada ya Valley Forge, Washington akiwa amekwisha kufariki mwaka 1799, na wanahistoria hawajaona ushahidi wowote wa wakati wenyewe.

Mtoto alinyamaza mpaka tulipofika garini. Kisha akasema, "Babu, kama hakupiga magoti, basi Mungu hakuwako?"

Wazazi mnaosikiliza, mnajua jinsi swali la namna hiyo linavyomkaba mtu koo. Baba yake alianza kusema kwamba Washington bila shaka alisali mahali fulani. Na yawezekana sana. Tarehe 2 Mei 1778 alitoa amri kwamba ibada ifanyike kila Jumapili saa 5 asubuhi, akawahimiza askari kwamba sifa ya kupenda nchi haitoshi pasipo sifa ya kuwa Mkristo. Hiyo iko katika maandishi. Lakini mtoto hakuuliza kama mtu yule alisali. Aliuliza Mungu alikuwa wapi.

Aliyemjibu ni mama yake. Lazima tuwaeleze, wapenzi wasikilizaji, kwamba sisi tulikuwa tumevuka bahari na jambo moyoni. Tulikuwa tumesikia kwamba binti yetu haonekani sana kanisani, na Nyanya alikuwa amekusudia kusema naye kabla hatujarudi. Basi binti yetu akamgeukia mtoto, akasema, "Nyanya amesoma asubuhi kwamba Mungu hutembea kambini. Anatazama nini akitembea? Anatazama kama shimo limechimbwa. Anatazama nani amemwoshea mgonjwa blanketi." Kisha akatutazama sisi, akasema polepole kwa Kiswahili, "Mama, mimi Jumapili nyingi niko zamu. Ninawasafisha wazee wasioweza kwenda chooni. Huwa ninawaimbia nikiwasafisha."

Hatukujibu mara moja. Nyanya alimshika mkono. Twaamini, na tulimwambia jioni ile, kwamba kukusanyika pamoja na watu wa Mungu ni agizo, na hakuna kazi, hata iwe njema namna gani, inayochukua mahali pake siku zote. Yeye naye akasema analijua hilo, ila zamu hazipangwi na yeye. Mazungumzo hayo hayajaisha. Tunayaendeleza kwa simu, na Jumapili anazopumzika hutupigia akitoka ibadani.

Lakini kuhusu mtoto, jibu lake tulilipokea, nasi twamwambia msikilizaji yeyote aliye na swali kama lile. Hatuwezi kukuonyesha alama za magoti katika theluji. Twaweza kukuonyesha Greene akihesabu mikokoteni ambayo hakuipenda, na mama mtumwa akikoroga sufuria ya watu waliosema uhuru, na dada wa Ephrata akiinama juu ya askari mwenye homa, na askari asiyejulikana jina aliyechukua sepeto alfajiri akaenda kuchimba choo cha kikosi upande wa mteremko. Jeshi lile liliondoka Valley Forge tarehe 19 Juni 1778, miezi sita kamili, siku moja baada ya Waingereza kuuacha Philadelphia. Waliotoka walikuwa hai kwa sababu ya watu hao.

Na tuinamishe vichwa.

Ee Bwana, wewe utembeaye katikati ya watu wako, twakuomba asubuhi hii kwa ajili ya wauguzi wanaomaliza zamu ya usiku sasa hivi. Twakuomba kwa wanaofagia masoko yetu na wanaozibua mitaro, na kwa wanaopika katika kambi za wakimbizi. Wape mshahara wao kwa wakati, na watie haya wale wanaoushikilia. Wakumbuke watoto wetu walio mbali ng'ambo, ambao Jumapili hii wako kazini. Twaomba katika jina la Yesu Kristo. Amina.